Nusu ya Maji ya Chumvi

Pafu la ng'ombe mzima ukilikata halitoi sauti. Kisu kinazama, kinatoka, basi. Lakini pafu la yule ng'ombe wa msiba lilikwaruza. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya migomba ya Mzee Ambwene, kule Njisi, nimevaa glovu ndefu mpaka kwenye viwiko, na kila nilipopitisha kisu nilisikia kitu kama mchanga kikisagika chini ya makali. Kisha likafumuka. Usaha mzito wa manjano, wenye mabonge kama mtindi uliooza, ukachuruzika juu ya jani la mgomba nililokuwa nimetandika. Harufu ikanipanda. Nikageuza uso, nikatapika chai yangu yote ya asubuhi mbele ya akina mama waliokuwa wakisubiri hayo mapafu kwa ajili ya sufuria.

Walicheka, na siwalaumu. Daktari wa mifugo anayetapika mbele ya matumbo ya ng'ombe ni kama fundi rangi anayeogopa ngazi.

Wacha niseme mapema: mimi ni mtu wa kinyaa. Nimezaliwa nacho. Kwetu Bukoba mama yangu alikuwa akinitania, "Generosa, wewe uolewe na malaika, maana binadamu wote wana makamasi." Sinywi maji kwa kikombe cha mtu. Nikishikana mkono na mtu, moyo hautulii mpaka ninawe. Udaktari wa mifugo sikuuchagua. Alama zangu za kidato cha sita ndizo zilizonichagulia, na mradi wa chanjo ukanileta Kyela. Kyela, jamani! Kakao inavundikwa kwenye majani ya migomba mpaka inanuka kama pombe iliyochacha. Ziwani dagaa wa usipa wameanikwa na nzi wao juu. Mvua ikinyesha, na huku haiishi kunyesha, tope la zizini linaingia mpaka ndani ya soksi. Miaka mitatu niliishi hapa nimebana pua. Na ofisini nilikuwa na msemo wangu ambao wenzangu waliupenda sana: "Hawa watu wanakunywa maziwa na mavi humohumo." Tulikuwa tunacheka mpaka tunashika mbavu.

Kazi iliyonileta ilikuwa safi, angalau kwenye karatasi. Ng'ombe huugua kifua kikuu kama binadamu, na humwambukiza binadamu kwa maziwa mabichi. Mradi wetu ulikuwa unajaribu chanjo mpya, ndugu wa ile wanayochomwa watoto wachanga begani. Ile ya zamani humkinga mtoto, lakini nguvu zake hupungua kadiri anavyokua. Hii mpya, kama ingefaulu kwa ng'ombe, ingewafungulia njia wanaotafuta iliyo bora zaidi kwa watu. Niliamini hivyo, na mpaka leo naamini. Ili ijulikane kama inafanya kazi, nusu ya ng'ombe walichomwa chanjo na nusu walichomwa maji ya chumvi. Wote walivishwa hereni ya manjano yenye namba, na hakuna aliyejua nani kapata nini: si mfugaji, si mimi, wala si Daktari Wilbroad, mkuu wetu. Orodha ilifungiwa mbali kusubiri mwaka wa mwisho. Ng'ombe wa hereni akifa au akichinjwa, mfugaji ananipigia simu nije nimpasue.

Mzee Ambwene alinipigia. Alikuwa amefiwa na kaka yake, Angetile, na kwa Wanyakyusa msiba wa mtu mzima bila ng'ombe ni aibu ya ukoo mzima. Alimchinja jike wake namba sabini na nne, na kabla hajagawa hata kipande akanitafuta, kwa kuwa tulikubaliana hivyo. Sasa alikuja nyuma ya migomba na kopo la maji ili nisukutue kinywa.

"Ndaga, mzee," nikamshukuru. Nililitazama lile kopo, nikavua glovu, nikanawa na kusukutua kwa kumimina kiganjani.

"Ndiyo yenyewe?" aliuliza, akiangalia jani.

"Ndiyo yenyewe. Imefika mpaka kwenye ini na mbavuni. Nyama hii hailiki. Ng'ombe mzima azikwe."

Alitazama uani, ambako wakwe walikuwa wameshaketi na ngoma zao wakingoja. Nilidhani atabishana. Wengi hubisha, wengine huahidi kuzika kisha usiku wakafukua. Yeye akasema, "Basi atazikwa. Tutamtoa mwingine." Akawaita vijana wawili wachimbe shimo. Halafu akarudi kwangu, mikono nyuma.

"Lakini daktari, huyu si wa hereni?"

"Ni wa hereni."

"Ugonjwa umemwingiaje, nanyi mlimchanja?"

Nikaanza maneno yangu ya kitaalamu, kwamba chanjo bado inajaribiwa, kwamba utafiti ni safari. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kumbe," alisema. "Na sisi mjukuu wangu tumempa maziwa ya huyu peke yake. Ya wengine tunachemsha, kama mnavyotutangazia. Ya huyu anakunywa mabichi, yangali na joto la kiwele, tangu alipoachishwa ziwa la mama yake. Wewe ulisema."

"Nilisema nini, mzee?"

"Ulisema ng'ombe wa hereni mnamlinda ninyi."

Na kweli nilisema. Nakumbuka mpaka chaki iliyokuwa mkononi mwangu. Tulikutana na wafugaji katika darasa la shule ya msingi, mchana wa joto, na Daktari Wilbroad alitaka ng'ombe sitini kabla ya mwisho wa mwezi. Fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa nane. Habari ya maji ya chumvi ilikuwa ukurasa wa tano. Niliisoma yote kwa pumzi moja, haraka haraka, huku jasho la watu arobaini likininukia na mimi nikitamani kutoka nje. Kisha nikafunga karatasi nikasema, "Kwa kifupi ndugu zangu, ng'ombe wa hereni tunamlinda sisi." Wakapiga makofi. Wakaweka dole gumba. Siku tatu baadaye nilikuwa na ng'ombe themanini na wanne, na Wilbroad akanisifu kwa barua pepe.

"Mjukuu yuko wapi?" nikamuuliza.

Alinionyesha kwa kidevu upande wa jiko la nyuma, lakini yeye hakunisindikiza. Nilipofika nilielewa kwa nini. Mkwewe, Tulinagwe, alikuwa anachochea moto chini ya chungu cha wali wa msibani. Mila ya Wanyakyusa inamkataza mke wa mtoto kuonana uso kwa uso na baba mkwe. Hasemi naye, hapiti njia anayopita yeye, akimsikia anakohoa anajibanza. Siku hizi wengi wameilegeza, wanasalimiana kanisani na maisha yanaendelea. Kwa Mzee Ambwene ilikuwa bado imekazwa. Tulinagwe alikuwa na miaka minne katika boma lile, mumewe anaendesha lori la mchele kwenda Mbeya, na hakuwa amewahi kumwambia baba mkwe neno hata moja.

Mtoto alikaa kwenye gunia pembeni, Lusungu, mvulana wa miaka miwili na nusu. Makamasi mawili yalimteremka mpaka mdomoni, naye akiyalamba bila haraka. Kisha akageuza kichwa kumwangalia kuku, na nikaliona lile bonge shingoni.

Miaka mitatu nilikuwa nimeshika shingo za ng'ombe nikitafuta mitoki. Najua tezi iliyovimba kwa kidonda cha kawaida, na najua ile nyingine: ngumu, isiyouma, imekaa kimya chini ya ngozi. Sikuvaa glovu nyingine, sijui kwa nini, nikamshika kwa vidole vitupu. Ilikuwa ile nyingine. Zilikuwa tatu, zimepangana chini ya taya.

"Ana muda gani hivi?" nikamuuliza mama yake.

"Tangu kabla ya Krismasi."

"Na maziwa, anakunywa mabichi?"

Tulinagwe aliweka chini mwiko. Alikuwa mwanamke mwembamba, sauti yake ya chini, na hakunikwepa macho. "Kliniki walituambia tuchemshe kila maziwa. Mimi nilichemsha. Mama mkwe akaniambia, baba kasema ya huyu yasichemshwe, nguvu itatoka. Baba kasema, daktari kasema. Sasa mimi ningemwambia nani? Baba siwezi kusema naye. Wewe sikuwahi kukuona huku jikoni."

Nilikuwa nimefika boma lile mara kumi na moja. Sikuwahi kuingia jikoni kwa sababu ya moshi na harufu ya ngozi iliyowambwa ukutani. Niliitazama ile ngozi, kisha nikamwambia ambebe mtoto twende hospitalini.

Siku ileile tulipanda bajaji kwenda hospitalini mjini, mimi, Tulinagwe na mtoto. Mama mkwe alimruhusu kwa shingo upande, msiba ukiwa haujaanuliwa. Muuguzi wa kitengo cha kifua kikuu, Naomi, ni mtu ninayemfahamu. Huwa tunakaa benchi moja kanisani. Alimwita daktari, mtoto akachomwa sindano kwenye tezi, kikatoka kitu cha manjano kwenye bomba. Nilikijua. Naomi alikiangalia, akaniangalia mimi, akasema majibu ni baada ya siku nne.

Majibu yalipotoka hayakumshangaza yeyote. Naomi alinipigia ofisini, na nilipokata simu nikaenda moja kwa moja kwa Daktari Wilbroad.

Wilbroad ni mtu nadhifu. Hilo ndilo lililonivutia kwake tangu mwanzo. Shati jeupe kila siku, kucha safi, chupa ya kitakasa mikono kila upande wa meza. Alinisikiliza huku akijipaka kile kitakasa, kidole baada ya kidole.

"Ng'ombe mmoja," alisema. "Mtoto mmoja. Tena atatibiwa, dawa zipo, bure. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba si mmoja. Nimepita nyumba sita tangu siku ile. Nne zinawapa watoto maziwa ya ng'ombe wa hereni bila kuchemsha. Wanaona hereni ni kinga. Na nusu ya hao ng'ombe wamechomwa maji ya chumvi."

"Basi tangazeni kuchemsha maziwa. Kwa ujumla. Msiitaje hereni."

"Tumetangaza kwa ujumla miaka mitatu, Daktari. Wamesikia, na wanachemsha. Wanachemsha ya wengine wote isipokuwa ya hawa."

Akaweka chini chupa. "Generosa, nisikilize. Umebaki mwaka mmoja. Ukisimama kule ukawaambia nusu walipewa maji ya chumvi, hereni zote zitang'olewa ndani ya wiki. Miaka mitatu kwisha. Unajua ni watoto wangapi duniani wanaisubiri chanjo ya namna hii? Unataka kuwaua wale ili umfurahishe huyu? Na fomu waliweka dole gumba, yote yameandikwa humo."

Ninaandika haya maneno yake jinsi alivyoyasema kwa sababu hayakuwa ya kipumbavu. Niliyapima usiku kucha, na mpaka sasa kuna siku nayapima. Kama angeishia hapo, huenda ningerudi mezani kwangu nikafungua kompyuta na kuendelea. Lakini hakuishia hapo. Alitabasamu, akaegemea kiti, akataka kunirudisha upande wake.

"Na tuseme ukweli, mama. Hawa utawachemshia mangapi? Watu wanaokunywa maziwa na mavi humohumo. Si wewe mwenyewe unasema?"

Akacheka. Alingoja na mimi nicheke, kama kawaida yetu.

Loo! Nimewahi kufungua matumbo ya ng'ombe aliyekufa siku tatu. Nimewahi kutoa mkono kizazini ukiwa na minyoo. Sijawahi kuhisi kilichonipata pale, katika ofisi ile yenye kiyoyozi na harufu ya limau. Maneno yalikuwa yangu. Yalikuwa yangu kabisa, hata mkazo aliouweka kwenye "humohumo" ulikuwa wangu. Niliona jinsi yanavyofanya kazi: unamwona mtu mchafu, na ukishamwona mchafu huna deni naye la kumweleza jambo mpaka alielewe. Unasoma kurasa nane kwa pumzi moja. Nyani haoni kundule. Mimi nilionyeshwa langu na mtu mwenye kucha safi kuliko zangu. Nilikimbilia msalani, nikainama juu ya sinki, na safari hii hakikutoka kitu.

Jumamosi niliita mkutano katika darasa lilelile. Sikumwambia Wilbroad. Walikuja wafugaji thelathini na kitu, wanaume mbele, wanawake wachache nyuma, wengine nje madirishani. Mzee Ambwene alikaa dawati la kwanza, bado amenyoa nywele za msiba. Sikuleta fomu wala kishikwambi.

"Nilikosea," nilisema. "Si kosa la mradi, ni langu, na ni kosa la kinywa. Niliwaambia ng'ombe wa hereni tunamlinda. Si kweli. Nusu ya ng'ombe wenu walichomwa dawa ambayo hatujui bado kama inakinga. Nusu walichomwa maji yenye chumvi, maji matupu. Hereni ni namba tu. Haimkingi ng'ombe, haiyasafishi maziwa. Maziwa ya kila ng'ombe yachemshwe, kuanzia leo jioni. Watoto waliokunywa mabichi wapelekwe hospitalini."

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Mtu mmoja nyuma alifyonza, kwa kirefu, na wengine wakaacha sauti hiyo imalizike.

Mzee Ambwene aliinua mkono kama mwanafunzi. "Daktari, wangu sabini na nne alikuwa wa dawa au wa maji?"

"Sijui, mzee."

"Hujui, au hutaki kusema?"

"Sijui. Hata mkuu wangu hajui. Tumefichwa wote ili tusipendelee. Mwakani ndiyo tungefungua."

"Kwa hiyo dawa yenyewe, inafanya kazi au haifanyi?"

"Ndicho tulichokuwa tunatafuta, mzee. Kwa ng'ombe wenu."

Alitikisa kichwa polepole, akitafakari. Nadhani alikuwa mtu pekee mle ndani aliyekuwa bado anataka kujua jibu.

Ndipo sauti ikatoka dirishani. Tulinagwe alikuwa nje, na kwa kuwa baba mkwe alikuwa ndani, alikuwa ametupa mgongo kwenye dirisha, anaongea kuelekea uwanja wa mpira ambako hakukuwa na mtu. Darasa zima lilinyamaza, maana kila mmoja alijua mwanamke huyu hasemi mahali ambapo mzee yule anasikia.

"Nauliza," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Mtoto wangu yuko nusu ipi?"

Mzee Ambwene aliinamisha kichwa akatazama meza. Nilifungua kinywa. Nilisema kitu, kwamba watoto hawakuwa kwenye utafiti, kwamba hakuna mtoto aliyewekwa kwenye nusu yoyote. Yalikuwa kweli, na yalisikika kama upuuzi. Nilipomaliza, mgongo ule haukuwepo tena dirishani.

Wilbroad hakukosea. Ndani ya siku nane hereni thelathini na nane ziling'olewa. Wengine walizileta ofisini kwenye mfuko wa rambo, bado zina damu na nywele, wakazimwaga juu ya meza yake nyeupe. Mzee Ambwene aliziacha mbili zake zilizobaki. Alisema akishaanza jambo anapenda kuona mwisho wake. Mimi niliandikiwa barua ya kusimamishwa, yenye maneno makali na nukta zake zote mahali pake. Sikubishana nayo. Nilijua thamani ya kile nilichokivunja kuliko yeye alivyodhani.

Siku ya tisa Naomi alinipigia. "Yule mama wa Njisi alichukua dawa za mtoto, lakini jirani yake anasema hampi. Paketi haijafunguliwa. Kila siku inayopita ni hasara, dada. Nenda wewe."

"Mimi? Mimi ndiye mtu wa mwisho anayetaka kumwona."

"Ndiyo maana nakwambia uende wewe."

Nilifika saa tatu asubuhi. Tulinagwe alikuwa anapeta mchele nje ya jiko. Alinijibu salamu bila kusimama.

"Kama umefuata hereni, baba yuko shambani," alisema.

"Nimefuata habari ya dawa za mtoto."

Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na paketi. Ilikuwa imefungwa kama ilivyotoka hospitalini. Aliishika kwa ncha za vidole, mbali na mwili wake, na nikautambua huo mshiko. Hivyo ndivyo ninavyoshika vitu vyao mimi.

"Hizi nazo," alisema, "wapo watoto wanaopewa za chumvi?"

"Hapana. Hizi ni dawa kweli. Zimetibu watoto wengi."

"Unajuaje?"

"Najua, Tulinagwe."

"Kwenye ng'ombe ulijua pia. Ulisimama ukajua, watu wakapiga makofi."

Ningeweza kumweleza tofauti ya chanjo inayojaribiwa na dawa iliyokwisha kupimwa miaka mingi. Nilikuwa na maneno yote. Niliyaona yakipanga mstari kinywani, safi, yamenyooka, na nikayachukia. Nikamwomba maji ya kunywa na kikombe.

Alileta kikombe cha plastiki cha mtoto, chekundu, kimetafunwa ukingoni, kina ukoko mweupe pembeni. Nzi alitua, akaruka. Nilitia vidonge kama Naomi alivyoniagiza, vikayeyuka, maji yakawa na rangi ya chungwa na harufu ya matunda ya dukani. Nikamnyooshea.

"Kunywa wewe kwanza," alisema.

Nilipeleka kikombe mdomoni. Yesu na Maria, ule ukingo! Ulikuwa na utelezi. Nilihisi alama za meno ya mtoto kwenye mdomo wangu wa chini. Nikapiga funda moja dogo, nikalimeza, na koo likajaribu kulirudisha, nikalimeza tena.

"Lina chumvi?"

"Halina. Ni tamu, halafu uchungu unakuja nyuma."

Alininyang'anya kikombe, naye akaonja kwa ncha ya ulimi, akakaa nalo kinywani muda mrefu akiniangalia. Kisha akanirudishia.

"Mpe. Mimi simlazimishi. Akilia, akulilie wewe."

Nilimpakata Lusungu. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, ana joto, ananuka moshi na mkojo. Funda la kwanza alilitema kifuani pangu. La pili alilimeza kwa hasira. La tatu alilia, akasugua pua yake yote shingoni mwangu, makamasi yakaingia ndani ya kola, nami nikaendelea kumshikia kikombe, nikimbembeleza kwa Kihaya kwa sababu ndiyo lugha niliyobembelezwa mimi. Tulichukua muda mrefu. Tulinagwe alisimama akihesabu kila funda kwa macho. Kikombe kilipokwisha alikichukua, akatia maji kidogo, akakisukasuka, akamnywesha mwenyewe yale masalio.

Nilisimama. Blauzi yangu ilikuwa imelowa. Nilitaka aseme neno lolote, hata tusi.

Alichukua ungo wake, akaketi, akapeta mara mbili.

"Nesi alisema anywe asubuhi kabla hajala kitu," alisema bila kuniangalia. "Leo alikuwa ameshakunywa uji. Hukuuliza."

Niliiweka paketi kando ya ungo wake.

"Kesho uje mapema," alisema.